KAMBA SI DAWA: Mawazo ya Wauguzi juu ya Kuwafunga Wagonjwa wa Akili

Mtu akivunjika mguu, jamaa zake humpeleka hospitali, na watu wote humwonea huruma. Lakini mtu akipatwa na ugonjwa wa akili, mambo huwa mengine. Aghalabu kitu kinachotafutwa kwanza ni kamba, na daktari hukumbukwa baadaye. Mgonjwa hufungwa nyumbani, hubebwa akiwa amefungwa mpaka hospitali, na huenda huko hospitali akakuta mikanda ya kitanda inamngoja, ama akatiwa peke yake katika chumba na mlango ukafungwa kwa nje. Watu wanaoyaona hayo hudhani kwamba ndivyo ugonjwa huo utibiwavyo.

Kwa miaka mingi madaktari na wauguzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakibishana juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili haiwezi kuendeshwa bila mikanda wala chumba cha kufungia. Wako wengine walioitupa mikanda, na hospitali zao hazikuvunjika. Makala haya yaeleza wauguzi wanawaza nini juu ya kazi hiyo, na yale yaliyotokea mahali ambapo mawazo yao yalibadilika.

Maana ya kufunga na kutenga

Kumfunga mgonjwa ni kumzuia asiweze kuutumia mwili wake apendavyo. Hufanywa kwa mikanda ya ngozi au ya kitambaa, kwa pingu, kwa kamba, ama kwa shati la turubali lenye mikono mirefu ambayo hufungwa nyuma ya mgongo. Hata watu watatu au wanne wakimkamata mgonjwa na kumlaza chini, hilo nalo ni jambo la namna hiyohiyo, ijapokuwa hapana kamba iliyotumika.

Kumtenga ni kumtia mgonjwa peke yake katika chumba ambacho hawezi kutoka kwa hiari yake. Mara nyingi chumba hicho huwa kitupu, kina godoro tu, ili asipate kitu cha kujidhuru nacho. Yafaa ieleweke kwamba mgonjwa anayeomba mwenyewe mahali pa kimya ili apumzike hakutengwa, maana aweza kutoka atakapo. Tofauti iko katika ufunguo, na mkono wa nani unaoushika.

Kwa nini wauguzi hufunga

Si haki kudhani kwamba kila muuguzi afungaye mgonjwa ni mtu mwenye moyo mgumu. Wauguzi wa nchi nyingi wameulizwa juu ya kazi hii, na majibu yao hufanana sana. Kwa kifupi, mawazo yao yaweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale waonao kwamba kufunga ni adabu. Mgonjwa ametukana, amevunja kioo, amekataa chakula. Basi na afungwe ili asirudie tena. Wauguzi wachache husema hivyo waziwazi, lakini wagonjwa wengi husema kwamba ndivyo walivyotendewa.

Fungu la pili ni la wale waonao kwamba kufunga na kutenga ni tiba. Hao husema kwamba mgonjwa mwenye ghasia akikaa peke yake pasipo kelele, akili zake hutulia. Kwa kweli mahali pa kimya huwasaidia watu wengine. Lakini hakuna ushahidi mzuri uonyeshao kwamba mlango uliofungwa kwa nguvu huponya ugonjwa wowote wa akili.

Fungu la tatu ndilo kubwa zaidi siku hizi. Ni la wauguzi wasemao kwamba jambo hili ni baya, na wao wenyewe hawalipendi, lakini ni la lazima. Wengi wao husema kwamba baada ya kumfunga mgonjwa hurudi nyumbani na huzuni, na pengine huona hatia. Ukiwauliza mbona basi hawaachi, hujibu kwa swali: tukiacha, tutafanya nini?

Jibu hilo halifai kudharauliwa. Chukua mfano wa wodi ambayo usiku ina muuguzi mmoja na msaidizi mmoja, na vitanda vyote vimejaa, na wagonjwa wengine wamelala chini. Kijana mwenye nguvu aamka usiku wa manane, asikia sauti zikimwambia kwamba mtu wa kitanda cha pili anataka kumwua, na kuanza kupiga. Muuguzi ana wagonjwa wengine wa kuwalinda, naye mwenyewe ana watoto nyumbani. Wauguzi wamewahi kuvunjwa mifupa, na wengine wameuawa kazini. Mtu mwenye hofu, aliyechoka, asiye na mwenzake, hushika kitu kilicho karibu na mkono wake. Ikiwa kilicho karibu ni mkanda, atashika mkanda.

Mgonjwa aonavyo

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Muuguzi aweza kusema kwamba amemfunga mgonjwa kwa usalama wake, lakini mgonjwa yuleyule akiulizwa akiisha kupona, husema kwamba aliadhibiwa, wala hakuambiwa kosa lake. Husimulia juu ya kiu, juu ya haja aliyoshindwa kwenda kuitimiza, na juu ya kupiga kelele pasipo mtu kuja. Mwanamke aliyewahi kushambuliwa maishani mwake, akishikwa na watu wengi na kulazwa kwa nguvu, huyaona upya yale yaliyompata.

Tena iko hatari ya mwili. Mtu akilazwa kifudifudi na watu wakamkalia mgongoni, kifua hushindwa kupanuka, naye aweza kufa kwa kukosa pumzi huku wale waliomshika wakidhani kwamba sasa ametulia. Aliyefungwa kitandani kwa muda mrefu aweza kuganda damu katika mishipa ya miguu, na donge hilo likisafiri mpaka mapafuni huua ghafula. Ngozi huchubuka na kutoa vidonda. Na yule aliyetiwa chumbani peke yake aweza kujidhuru pasipo mtu kumwona.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Mgonjwa aliyefungwa hospitali huiogopa hospitali. Akirudi nyumbani na ugonjwa ukaanza tena, hujificha, huwakimbia jamaa zake, na huletwa tena wakati hali imekwisha kuwa mbaya sana. Ndipo hufungwa tena, na wauguzi husema, “Mwaona? Huyu hawezi kutunzwa bila kamba.”

Habari ya Lincoln

Mabishano haya yalianza zamani. Katika Ufaransa, mwisho wa karne ya 18, wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris walifungwa minyororo kama watumwa. Msimamizi wao aliitwa Jean-Baptiste Pussin. Huyo hakuwa daktari. Aliingia Bicêtre kwanza akiwa mgonjwa, akapona, akabaki kufanya kazi. Pussin aliwakataza wasaidizi wake kuwapiga wagonjwa, na wengi wa wasaidizi hao aliwachagua miongoni mwa watu waliopona, kwa kuwa alijua kwamba mtu aliyeuonja ugonjwa hana haraka ya kuutia mkono wake kwa mwenzake. Mwaka 1797 aliiondoa minyororo ya Bicêtre. Daktari Philippe Pinel, aliyefanya kazi pamoja naye, alijifunza mengi kwake. Walakini shati la turubali la kufungia mikono liliendelea kutumika.

Katika Uingereza jambo hilo lilifika mbali zaidi katika mji wa Lincoln. Mwezi wa Februari 1829, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji huo, mgonjwa mmoja alivikwa shati la turubali, akafungwa kitandani kwa mikanda, na kuachwa peke yake usiku. Asubuhi alikutwa amekufa. Mikanda ilikuwa imemnyonga. Waliomfunga hawakuwa na nia ya kumwua. Walifanya kama walivyofanya usiku mwingine wowote.

Wakuu wa hospitali, wakiongozwa na Daktari Edward Parker Charlesworth, waliweka amri: mgonjwa yeyote atakayefungwa usiku, lazima mtumishi akae naye chumbani usiku kucha. Amri hiyo ilikuwa na hekima kubwa. Zamani kufunga kulimpunguzia mtumishi kazi, maana mgonjwa akiisha kufungwa yeye alikwenda kulala. Sasa kufunga kulimwongezea kazi. Na yule aliyelazimika kukaa usiku kucha karibu na mtu aliyefungwa alipata nafasi ya kumtazama, na kujiuliza kama mikanda ile ina faida.

Hospitali ya Lincoln iliandika kila tukio katika daftari, na kwa sababu hiyo hesabu zake zajulikana mpaka leo. Mwaka 1829 ilikuwa na wagonjwa 72, na 39 kati yao walifungwa. Saa zote walizofungwa, zikijumlishwa pamoja, zilikuwa 20,424, yaani karibu saa 56 kwa kila siku ya mwaka. Hesabu haikushuka mara moja. Mwaka 1830 wagonjwa waliofungwa walikuwa 54 kati ya 92. Mabadiliko hutaka muda.

Mwaka 1835 alikuja daktari kijana, Robert Gardiner Hill. Huyu aliyasoma madaftari yale, akaona kwamba kadiri kufunga kulivyopungua, ghasia hazikuzidi. Akakata shauri kuendelea mpaka mwisho. Mwaka 1837 hospitali ilikuwa na wagonjwa 130. Waliofungwa walikuwa 2, nao kwa saa 28 tu katika mwaka mzima. Mwaka 1838 hakufungwa mtu hata mmoja.

Hill alieleza wazi kwamba haitoshi kuitupa mikanda. Panatakiwa jengo linalofaa, na watumishi wa kutosha, wenye nguvu, wanaokesha na kuwaangalia wagonjwa usiku na mchana. Kwa maneno mengine, mahali pa mkanda panatakiwa mtu. Wengi hawakupendezwa. Walisema kwamba anahatarisha maisha ya watumishi, na kwamba anajitafutia sifa. Upinzani ulikuwa mkali hata akajiuzulu mwaka 1840. Lakini wakati huo habari zake zilikuwa zimekwisha kufika London.

Hanwell, na chumba cha peke yake

Hospitali ya Hanwell, karibu na London, ilikuwa kubwa sana, yenye wagonjwa karibu 800. Mwezi wa Juni 1839 Daktari John Conolly alipewa kazi ya kuisimamia. Kabla ya kuanza alikwenda Lincoln kutazama kwa macho yake. Watu walikuwa wakisema kwamba mambo ya Lincoln yaliwezekana kwa kuwa hospitali ile ni ndogo, wala hayawezekani penye umati. Conolly alipunguza mikanda siku kwa siku, na kutoka tarehe 21 Septemba 1839 hapakuwa na mgonjwa aliyefungwa Hanwell, wala mchana wala usiku. Ilikuwa kazi ya muda usiotimia miezi minne.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo wasomaji wafaa kuliangalia. Conolly alipoiondoa mikanda, aliendelea kuwatenga baadhi ya wagonjwa katika vyumba ambavyo kuta zake zilifunikwa kwa magodoro. Kwa mawazo yake huo ulikuwa upole, na ukilinganishwa na mikanda ulikuwa upole kweli. Lakini wengine walimwuliza: mtu aliyefungiwa chumbani amefunguliwa nini? Swali hilo halijafa mpaka leo. Katika nchi nyingine wauguzi huona kwamba kutenga ni afadhali kuliko kufunga, na katika nchi nyingine huona kinyume chake, kwamba ni afadhali kumfunga mgonjwa kwa mikanda huku mtu amekaa karibu naye kuliko kumwacha peke yake nyuma ya mlango. Kila mmoja huona desturi ya mwenziwe kuwa ya kikatili, na yake mwenyewe kuwa ya lazima. Kwa hiyo yafahamika kwamba “lazima” hiyo haitoki katika ugonjwa. Hutoka katika mazoea ya mahali muuguzi alipofundishwa kazi.

Dawa nayo yaweza kuwa kamba

Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa dawa iitwayo klopromazini. Dawa hiyo, na nyingine zilizoifuata, ziliwapunguzia wagonjwa wengi sauti na hofu zilizowatesa, na wengi waliokuwa wakikaa hospitali miaka nenda miaka rudi waliweza kurudi kwao. Hiyo ni baraka isiyoweza kukanwa.

Lakini dawa iliyotolewa kwa kiasi kikubwa ili mgonjwa asinzie tu, wodi iwe kimya, yafanya kazi ya kamba. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Dawa ya kutibu hupimwa kwa namna mgonjwa anavyoendelea kupata nafuu. Dawa ya kufunga hupimwa kwa namna watumishi wanavyopata utulivu.

Mambo ya siku hizi

Je, yaliyowezekana Lincoln yawezekana katika wakati huu? Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, hospitali za serikali za wagonjwa wa akili ziliazimia kupunguza kufunga na kutenga. Mwaka 1990 muda wa mgonjwa kukaa ndani ya chumba cha kutengwa, kila alipotengwa, ulikuwa wastani wa saa 10.8. Mwaka 2000 ulikuwa saa 1.3. Muda wa kufungwa ulishuka kutoka saa 11.9 mpaka saa 1.9. Idadi ya matukio nayo ilipungua: kwa kila siku 1,000 za kulaza wagonjwa, kutengwa kulishuka kutoka mara 4.2 mpaka mara 0.3, na kufungwa kutoka mara 3.5 mpaka mara 1.2. Wasiwasi mkubwa ulikuwa kwamba wauguzi wangeumizwa zaidi, lakini jambo hilo halikutokea. Hospitali hizo ziliongeza watumishi kwa kila mgonjwa, zikafundisha vikosi vya watu wa kuja kutuliza ghasia kwa maneno, zikatumia dawa mpya, na kila tukio likachunguzwa baadaye.

Katika Uingereza, Profesa Len Bowers na wenzake waliyajaribu mambo kumi madogo katika wodi 31 za hospitali 15, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Mambo hayo hayakuhitaji mashine wala majengo. Wauguzi na wagonjwa walielezana mambo machache juu ya nafsi zao, kama vile michezo na vyakula wanavyovipenda, ili kila mmoja amjue mwenziwe kuwa ni mtu. Muuguzi alipotakiwa kumkataza mgonjwa jambo, alifundishwa kukataza kwa maneno ya adabu na kueleza sababu. Ikiwa barua au simu ilileta habari mbaya, wauguzi walijitayarisha kumfariji mgonjwa kabla hasira haijapanda. Liliwekwa sanduku la vitu vya kutuliza moyo, ambalo mgonjwa aliweza kuliomba mwenyewe. Baada ya fujo yoyote, wauguzi waliwazungukia wagonjwa wote waliokuwapo na kuwatoa hofu. Na mgonjwa aliyekuwa akienda zake nyumbani aliacha ujumbe mfupi wa matumaini kwa wale wanaobaki.

Wodi zilizoyafuata hayo zilipolinganishwa na wodi nyingine, ugomvi na fujo vilipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya nguvu, kutenga, dawa za kutuliza za ghafula na mengine ya namna hiyo yalipungua kwa asilimia 26.4. Waswahili walikwisha kulijua jambo hilo waliposema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Katika habari hizi zote, kutoka Lincoln mpaka leo, funzo ni moja. Muuguzi hawachi kufunga kwa kukemewa. Huacha anapopewa njia nyingine, na mwenzake wa kusimama naye, na mkuu asiyemlaumu kwa kutumia dakika kumi akizungumza na mgonjwa huku kazi nyingine zikingoja. Akiisha kuiona njia hiyo ikifaulu mara moja, mawazo yake hubadilika. Na muuguzi aliyebadilika humfundisha mgeni ajaye kazini.

Sheria na hali ya Kenya

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwatunzia wenye wazimu, na mwaka 1924 ikapewa jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Kubadilishwa kwa jina kulikuwa na maana: mtu wa wazimu huwekwa, lakini mgonjwa hutibiwa. Kwa miaka mingi wagonjwa kutoka pande zote za nchi walipelekwa huko, wengi wao wakiletwa na askari, na safari yenyewe ilikuwa ya kufungwa.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanya kuwa kosa mtumishi wa hospitali kumpiga mgonjwa, kumtesa au kumtupa kwa makusudi. Mwaka 2008 Kenya ilikubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao walinda pia watu wenye ulemavu utokanao na maradhi ya akili. Katiba ya mwaka 2010 ilitia nguvu haki ya kila mtu ya kuheshimiwa utu wake na kutotendewa kikatili. Na mwaka 2022 sheria ile ya 1989 ilirekebishwa ili haki za mgonjwa zielezwe waziwazi zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya haki za wagonjwa wa akili kwa ajili ya wauguzi na madaktari, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoyaanzisha.

Walakini sheria haikeshi wodini. Wagonjwa wakiwa wengi kupita kiasi na wauguzi wakiwa wachache, mkanda utarudi, hata kama umekatazwa katika karatasi. Wala haitoshi kuinyoshea hospitali kidole. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi karibu 60, na Kenya ilikuwamo. Wengi wao hawakufungwa na wauguzi. Walifungwa na jamaa zao nyumbani, au katika nyumba za maombi na za waganga, na watu waliowapenda na waliokosa msaada.

Afrika yenyewe ina mfano mwema wa kufuatwa. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha utaratibu mpya katika Aro, karibu na mji wa Abeokuta, Nigeria. Wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na jamaa yake aliyempikia na kumwangalia, nao walikwenda hospitali kupata matibabu. Lambo aliona kwamba mgonjwa aliyeketi na mama yake au ndugu yake, akila chakula alichokizoea na kusikia lugha yake, hana sababu nyingi za kuogopa. Na asiyeogopa hapigi.

Jamaa wafanye nini

Hata katika hospitali bora huenda ukatokea wakati ambapo mgonjwa yu karibu kumwua mtu au kujiua mwenyewe, na wauguzi hawana budi kumzuia kwa nguvu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayouangalia mkataba ule hutaka nchi zifike mahali pa kuacha kabisa. Kabla ya kufika huko, hospitali njema hushika kanuni hizi: nguvu itumike baada ya njia nyingine zote kushindwa, itumike kwa muda mfupi iwezekanavyo, mgonjwa asilazwe kifudifudi wala kukandamizwa kifua, mtu akae naye wakati wote, amtazame pumzi, ampe maji na kumpeleka haja, tukio liandikwe, na saa yake, na baadaye mgonjwa akiisha kutulia aelezwe sababu, naye asikilizwe.

Jamaa waweza kusaidia sana. Wanapompeleka mgonjwa, wamweleze muuguzi ni mambo gani humkasirisha na ni mambo gani humtuliza: pengine ni jina la utani, pengine ni wimbo wa kanisani au kisomo, pengine ni kutembea nje kidogo. Muuguzi mgeni hawezi kuyajua hayo pasipo kuambiwa. Waulize bila ugomvi kama hospitali hufunga au hutenga wagonjwa, ni nani hutoa amri hiyo, na kama huandikwa. Wamtembelee mgonjwa mara kwa mara, kwa maana mgonjwa mwenye wageni hakumbukwi na jamaa zake tu; hukumbukwa na watumishi pia.

Na ikiwa hata sasa yuko nyumbani mtu aliyefungwa kamba kwenye nguzo au kufungiwa chumbani, jamaa wasione haya kwenda kituo cha afya kilicho karibu na kusema hivyo wazi. Hawatakuwa wa kwanza kusema. Ugonjwa wa akili una matibabu, na wengi hupata nafuu na kurudi kazini mwao. Kamba huushika mwili mpaka asubuhi, lakini ugonjwa huukuta palepale ulipolala.